Furaha Isiyomwachia Mtu Deni

Ukutani mwa sebule yetu hapa Dar es Salaam zimetundikwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ile ya kawaida, inayotuonyesha siku za kazi, siku za shule na tarehe ya kulipa kodi ya nyumba. Ya pili niliichora mwenyewe kwa kalamu ya wino, nayo haina jambo lolote zaidi ya mwezi: kuandama kwake, nusu yake, kutimia kwake na kupungua kwake. Mgeni akiuliza inatusaidia nini, binti yetu mwenye umri wa miaka tisa humjibu kwa fahari kwamba hiyo ndiyo kalenda ya maji. Anamaanisha maji ya bahari ya Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja alikozaliwa mama yake, mahali ambapo nilijifunza kufurahi upya baada ya kipindi ambacho furaha yangu ilikuwa ikilipiwa na watu wengine.

Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa mtu wa kubeti. Nilianza kwa shilingi 1,000 za kunogesha mechi moja, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa nikiandaa mkeka wa mechi kumi na zaidi kila Jumamosi, nikikaa na simu mkononi na kuhisi kwamba bahati imekwisha kufika mlangoni. Mkeka ulipochanika kwa bao la dakika za mwisho, niliandaa mwingine. Sikuiba fedha ya mtu, na nadhani ndiyo sababu nilichelewa kuuona ubaya wake. Nilichokiona ni vitu vidogovidogo ambavyo havikuonekana kuhusiana: mke wangu alikuwa amepunguza safari za kwenda kumwona mama yake, viatu vya shule vya mtoto vilikuwa vikimbana vidole, na nyama ilikuwa imekuwa chakula cha mwisho wa mwezi. Jioni moja mke wangu aliketi kando yangu, wala hakupaza sauti, akaniuliza: "Mume wangu, hii starehe yako anailipia nani?"

Sikuwa na jibu, na swali lile halijanitoka hadi leo. Kuacha kubeti kwenyewe hakukuwa kugumu kama nilivyoogopa. Kilichokuwa kigumu ni Jumamosi. Watu wengi wanaomshauri mtu aache starehe mbaya humwambia namna ya kuacha, lakini ni wachache wanaomsaidia kufikiri atafanya nini na zile saa zitakazobaki mikononi mwake, zikiwa tupu na ndefu. Mtu huhitaji kufurahi kama anavyohitaji kula, na asiyepata chakula kizuri hurudia kibaya. Mimi nililishwa na mama mkwe wangu, aliyetuma ujumbe kwamba bamvua linakuja na kwamba amechoka kusubiri kumwona mjukuu wake.

Watu wa Jambiani huhesabu maji kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapotimia, bahari huingia katika bamvua, ambapo hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu, ambayo hupanda kidogo na kushuka kidogo kana kwamba bahari inapumzika. Katika pwani yetu kupwa kukubwa kwa bamvua huangukia karibu saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mama mkwe wangu hajawahi kushika jedwali la maji lililochapishwa. Yeye hutoka uani baada ya sala ya isha, hutazama juu kwa muda mfupi, kisha hurudi ndani na kusema, "Kesho maji yatatoka mbali," na kesho yake maji hutoka mbali kweli, hadi mawimbi yanabaki kuwa mstari mweupe juu ya mwamba wa nje, na mahali palipokuwa bahari panakuwa uwanja mpana wa mchanga, majani ya bahari na vidimbwi vinavyong'aa.

Asubuhi ya kwanza tuliyotembea humo, binti yetu alikuwa na miaka sita. Tulichukua ndoo, kwa sababu ndivyo nilivyowahi kuona watoto wa mjini wakifanya ufukweni, na kwa muda wa saa nzima tuliijaza kila kitu kilichotuvutia: viti vya pweza vitano, wale viumbe wa baharini wenye umbo la nyota, vingine vyekundu na vingine vya rangi ya udongo, kome wenye makombe ya madoa, kaa wawili wadogo, na kipande cha tumbawe nilichokivunja mwenyewe kwa sababu kilifanana na mti. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha ambayo sikuwa nimeihisi kwa miaka mingi, nikamwonyesha mama mkwe ile ndoo kama mtu anayeonyesha mavuno.

Aliinama akatazama ndani. Hakusema nami, alisema na mtoto, na sasa ninaelewa kwamba hiyo ilikuwa heshima aliyonipa mimi mkwewe.

"Mjukuu wangu, hivi vyote umemwomba mwenyewe?"

"Mwenyewe nani, Bibi?"

"Kila kimoja kilikuwa na kazi na kilikuwa na nyumba. Sisi tukienda pwani tunakwenda kutafuta kitoweo, na tukishapata cha kutosha chungu tunarudi. Hiki mtakipika?"

Mtoto akatikisa kichwa. Bibi akamfunga kanga yake mwenyewe kiunoni, akanyanyua ndoo, na sote watatu tukarudi kwa haraka hadi kwenye kidimbwi tulichovitoa, kwa sababu maji yalikuwa yameanza kurudi. Kaa walikimbia mara moja. Kome walizama. Viti vya pweza viwili vilikuwa vimelegea na havikujishika tena kwenye mchanga, na binti yangu alilia njia nzima ya kurudi. Nami nilikuwa na huzuni yangu ya pembeni, maana nililitambua lile swali la mke wangu likinijia katika sura nyingine. Nilikuwa nimebadilisha starehe bila kubadilisha tabia: nilikuwa bado ninafurahi kwa kuchukua.

Baada ya siku hiyo nilianza kusoma na kuuliza, nami nakiri kwamba kujua kumeongeza furaha yangu kuliko nilivyotarajia. Kiti cha pweza hakina mapafu wala mashavu ya samaki. Huvuta hewa iliyomo majini kupitia ngozi yake na miguu midogomidogo iliyo chini ya mikono yake, kwa hiyo kukitoa nje ili mtu apige nacho picha ni sawa na kumziba mtu pua huku ukimwambia atabasamu. Kombe tupu, ambalo nilidhani halina mwenyewe, husubiriwa na kaa mdogo mwenye tumbo laini ambaye hawezi kujitengenezea gamba, naye huhama kutoka kombe dogo kwenda kubwa kadiri anavyokua. Makombe yasiyopata mpangaji husagwa na mawimbi pamoja na vipande vya matumbawe, na huo ndio mchanga mweupe wa Jambiani ambao watu husafiri kutoka mbali kuja kuulalia. Yule koa mkubwa ambaye kombe lake hupulizwa kama baragumu, na ambaye amekuwa akiuzwa kwa wageni kwa miaka mingi kama pambo la mezani, ni mmoja wa wachache wanaoweza kumla kiti cha pweza mwenye miiba, ambaye naye hula matumbawe. Anayemnunua koa huyo anapeleka nyumbani kwake mlinzi wa mwamba.

Na kile kipande cha tumbawe nilichokivunja? Matumbawe yale makubwa yaliyo kama mawe ya mviringo hukua kwa takriban sentimita moja tu kwa mwaka. Yale yenye matawi, kama nililolivunja mimi, hukua kwa kasi zaidi, lakini yana maadui wengine zaidi ya sisi watembeaji. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa, na joto lilirudi tena mwaka 2016. Sikuweza kuizuia bahari isipate joto. Niliweza kutolivunja tawi lile.

Sasa tunatembea kwa namna nyingine. Tunavaa viatu vya mpira na kukanyaga mchanga mtupu, tukizunguka majani ya bahari na matumbawe hata kama njia inakuwa ndefu. Tukilinyanyua jiwe ili kuona kilicho chini yake, tunalirudisha lilivyokuwa, upande ule ule, kwa sababu viumbe vya chini ya jiwe havivumilii jua. Hatuendi tena na ndoo. Jambo lililonishangaza ni kwamba bila ndoo tumeanza kuona vitu vingi zaidi. Mwenye ndoo hutafuta cha kuweka ndani yake, akishakipata hupita. Asiye na ndoo hana sababu ya kuondoka. Tunachagua kidimbwi kimoja, kisichozidi ukubwa wa mkeka wa kulalia, tunachuchumaa pembeni kivuli chetu kikiwa nyuma yetu, na kwa dakika tano za kwanza hatuoni chochote. Kisha kidimbwi husahau kwamba tupo. Samaki wadogo hutoka chini ya ukingo, kamba wanaopenyeka kwa mwanga hujitokeza mmoja mmoja, na kitu tulichodhani ni jiwe lenye ukungu hufungua jicho. Siku moja tulimtazama pweza kwa karibu nusu saa. Alikuwa na rangi ya mwamba, akasogea juu ya majani akawa na rangi ya majani, ngozi yake ikajikunja ikawa na vinundu, kisha akajiingiza ndani ya tundu ambalo nisingeweza kuingiza ngumi yangu. Binti yangu hakusema neno hata moja muda wote huo, jambo ambalo kwa mtoto yule ni nadra.

Nisingependa mtu afikiri kwamba ninawalaumu wanaochukua. Pwani ile ni mahali pa kazi. Kilimo cha mwani kilianza katika vijiji vya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake, ambao hutembea na kupwa kama sisi, wakiwa na kamba, vigingi vya miti na magunia, wakainama ndani ya maji ya magotini huku jua likiwa juu ya migongo yao. Aina ya mwani iliyo na bei nzuri imekuwa ikifa kila maji yanapozidi joto, na iliyobaki haina malipo makubwa. Kina mama wengine huchokoa pweza kwa ajili ya chakula na biashara, na katika vijiji kadhaa vya pwani wenyewe wamekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue kabla ya kuvuliwa. Hao wana haki ya mwamba ambayo mimi sina. Nimejifunza kwamba madhara ya mtembezi si lazima yawe kwa samaki: kuruka kamba za mwani za mtu na kuzilegeza, au kumpiga picha mama aliyelowa nguo akiwa kazini bila kumwomba ruhusa, ni kuifanya taabu ya mwingine kuwa pambo la siku yako. Kwa hiyo tunapita mbali na mashamba, tunawaamkia wakubwa, "Shikamoo, poleni na kazi," na mara nyingine mke wangu hukaa nao akiwasaidia kufunga mbegu kwenye kamba huku wakizungumza, akarudi na habari za kijiji kizima.

Kuna safari moja ambayo hatukuirudia, nayo inanisumbua zaidi kwa sababu nilimwahidi mtoto kwa muda mrefu. Tulikwenda Kizimkazi, kijiji cha kusini mwa Unguja, kutazama pomboo. Zamani wavuvi wa huko waliwawinda pomboo ili kupata chambo cha papa, na utalii ulisaidia kuifanya kazi hiyo iachwe katika miaka ya 1990, jambo la kushukuriwa. Lakini asubuhi tuliyokwenda sisi, boti nyingi zililizunguka kundi moja, na kila pomboo walipoibuka upande mmoja injini zote zilinguruma kuelekea upande huo, watu wakajirusha majini juu yao. Watafiti waliowafuatilia pomboo wa Kizimkazi wameeleza kwamba boti zinapowabana, wanyama hao hupata muda mchache wa kupumzika na kula. Sikuhitaji mtafiti kunieleza. Mmoja alikuwa na mtoto ubavuni mwake. Binti yangu aliniuliza kwa nini hawatuachi tuwaone, nami nikamjibu kwamba labda walikuwa wakituomba tuwaache wao. Nahodha wetu, nilipomwomba azime injini na kukaa mbali, alikubali bila kinyongo, akasema kwamba abiria ndio humshinikiza asogee. Maneno yake nimeyaweka moyoni, kwa kuwa yanaonyesha kwamba anayenunua starehe ana sauti kubwa kuliko anavyodhani.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na nauli ya boti haituruhusu kulifuata kila mara. Siku nyingi za maisha yangu ni za hapa mjini, za daladala, foleni na ofisi, na humo pia nimelazimika kutafuta. Jumamosi zangu sasa ni za bao. Karibu na nyumba yetu kuna kibaraza ambapo wazee hukutana baada ya alasiri, na muuza kahawa hupita na birika lake juu ya jiko la mkaa, akigonganisha vikombe hadi mtaa mzima unajua amefika. Kahawa chungu, kipande cha kashata, na ubao wa mashimo 32 wenye safu nne za mashimo nanenane: hiyo ndiyo starehe yangu ya mwisho wa wiki. Kete zake ni 64, nazo ni komwe, mbegu ngumu za kijivu zilizolainishwa na vidole vya miaka mingi. Kwenye bao mtu huliwa kete, huliwa hadi nyumba yake, yaani lile shimo lake kuu, na mchezo ukiisha komwe zote hurudi ubaoni, aliyeshinda na aliyeshindwa wakiwa na kile kile walichokuja nacho. Mtu aliyewahi kupoteza ada ya shule kwa mchezo wa watu 22 asiowajua anajua thamani ya jambo hilo.

Hata hapo barazani, lakini, kuna kitu kinachoweza kuumiza, nacho ni maneno. Kusengenya ni kutamu, kunachangamsha, wala hakugharimu senti, na asiyekuwepo ndiye hulipa. Mzee mmoja pale ana desturi ambayo nimeanza kuiga: jina la mtu asiyekuwepo likianza kuzungushwa, yeye husukuma ubao mbele na kusema, "Cheza, zamu yako." Hamkemei mtu wala hatoi hotuba. Mazungumzo hugeuka yenyewe.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ninampenda na ambaye bado anabeti, ameniambia kwamba maisha haya ni ya hesabu nyingi mno, na kwamba furaha inayopimwa kila hatua si furaha tena. Nimelifikiria neno lake kwa uzito. Ni kweli kwamba hakuna starehe isiyogusa chochote: boti inayotupeleka Unguja huchoma mafuta, na kahawa yangu huchemshwa kwa mkaa uliotoka katika mti fulani. Sidai kwamba nimefika mahali safi. Ninachojua ni kwamba zamani furaha yangu ilikuwa fupi na ilihitaji kuongezwa kila wiki, na nyuma yake kulikuwa na jambo nisilotaka kulitazama. Hii ya sasa naweza kuigeuza upande wowote na kuitazama. Mke wangu yumo ndani yake, mtoto yumo, na mama mkwe yumo. Uangalifu wenyewe umekuwa sehemu ya utamu, kama mpishi anavyofurahia kuchambua mchele.

Mwezi uliopita tulikwenda tena. Binti yangu aliniongoza hadi kwenye kidimbwi kile cha kwanza, ambacho anadai kukitambua kwa jiwe lenye umbo la kiatu, akapiga magoti pembeni na kutulia. Kiti cha pweza chekundu kilikuwa kikipanda ukingoni, polepole sana, kiasi kwamba ulipaswa kukitazama kwa muda ili ujue kwamba kinasogea. Aliingiza kidole majini, akakiacha karibu nacho bila kukigusa, na mkono mmoja wa kiumbe kile ukajinyanyua, ukapapasa maji, ukatua tena juu ya mwamba. Tulikaa hapo hadi mifereji ya mchangani ilipoanza kubadilisha mwelekeo na maji kutufikia vifundoni. Kutoka upande wa kijiji tulimsikia Bibi akituita, na tulipogeuka tulimwona amesimama chini ya mnazi, kanga yake ikipepea, akituonyesha bahari kwa mkono.

"Yanarudi," binti yangu alisema. Akainuka, akajipangusa mchanga magotini, akashika njia ya mchanga mtupu kurudi alikotoka.